Chini ya Mivinje ya Bamburi

Anayetoka Likoni kwenda Bamburi huvuka maji mara mbili. Kwanza ni kivukoni, ambapo watu humiminika kwenye feri bega kwa bega na baiskeli, mikokoteni na magari. Kisha, baada ya kukipasua kisiwa chote cha Mombasa kwa matatu, ni daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980. Ng'ambo yake ndipo inapoanza bara ya kaskazini, Kisauni, na barabara ya Malindi ikishaingia Kongowea haina upole tena. Soko linamwaga watu na magunia hadi kwenye lami. Makanga wanavutana na abiria, tuktuk zinajipenyeza pasipopenyeka, malori yanaunguruma kuelekea Mtwapa. Kengeleni, Bombolulu, Mtambo: kila steji na spika zake, vumbi lake, na mama anayekaanga viazi karai pembezoni.

Katikati ya zogo hilo pana msitu. Si bustani ya maua yenye ua wa michongoma, wala si miti michache ya kivuli kandokando ya ofisi. Ni msitu hasa, wenye njia za kutembea kwa miguu, wenye vidimbwi na maziwa madogo, ndege, kima na majongoo, nao umejificha jirani na kiwanda cha saruji na nyumba za kupanga. Wengi hupita hapo kila siku wakienda kazini au wakielekea ufuo wa Kenyatta, na msitu huo hawaujui ila kwa kuona vilele vya miti kwa mbali.

Aliyenipeleka ni mama mdogo wangu, mkazi wa Utange. Anaugua sukari, na daktari alimwagiza atembee kila asubuhi. Sasa atembee wapi? Alijaribu kandokando ya barabara ya Malindi, bodaboda zikamfukuza. Akajaribu vichochoro vya mtaani, huko akakutana na mitaro ya maji machafu na mbwa. Mwishowe jirani yake akamwambia habari ya njia za msituni. "Mimi nilidhani pale ni pa watalii," mama mdogo alinisimulia, "kumbe hata sisi twaingia!" Tangu hapo akawa mtu wa kuhesabika pale langoni, na safari moja nilipokwenda kumjulia hali akakataa tuketi nyumbani. "Chai itangoja, mwanangu. Vaa viatu vya kufunika vidole, twende."

Langoni tulilipa kiingilio cha wenyeji, tukaingia. Njia inaanza kwa kuteremka. Kila hatua kelele za barabara zinafifia, wala hatukuwa tumefika mbali. Ni kwamba tulikuwa tunashuka chini ya usawa wake. Jua lililokuwa limeanza kuchoma shingo zetu kule nje likakatika vipandevipande, likabaki madoa ya mwanga yanayocheza ardhini. Mama mdogo akalegeza ushungi wake, akavuta pumzi, akapunguza mwendo. Sikuwa nimemwona akitembea hivyo, bila kutazama nyuma, tangu tulipokuwa watoto akitupeleka ufukweni Mtongwe kuokota makombe.

Mti unaotawala hapo ni mvinje. Watu wa pwani tunaufahamu tangu utotoni: ndio unaoota mchangani karibu na maji, ndio unaotoa nguzo nzuri zilizonyooka, ndio wenye vitufe vidogo vya miba vinavyochoma nyayo za mtoto asiye na viatu. Lakini wengi wetu tumeuona mmojammoja, au katika safu mbele ya hoteli. Kuona mivinje imesimama kwa mamia, shina baada ya shina, ni jambo jingine kabisa. Hauna majani mapana. Una vijiti vyembamba vya kijani vinavyoning'inia, na upepo ukipita kati yake hutoa mvumo mrefu, kama bahari inayosikika kutoka nyumba ya tatu nyuma ya ufuo. Chini vimetandazika vijiti hivyohivyo vikiwa vimekauka, rangi ya kahawia, vimerundikana hata vinameza mlio wa viatu.

Tulipishana na vijana wawili waliokuwa wakikimbia taratibu, na baba mmoja aliyekuwa akimfunza bintiye baiskeli. Binti alianguka, akajifuta, akapanda tena. Hapakuwa na gari la kuogopa. Wanawake watatu wenye mabuibui walipita wakitembea kwa haraka, mikono ikipunga, wakamsalimu mama mdogo kwa jina. Baadaye aliniambia kuwa hao ni wenzake wa sukari na presha. Hawakuwahi kuandikishana chama chochote. Wamejuana njiani tu.

Mahali fulani njia inapita chini ya ukuta wa jiwe jeupe lililokatwa wima. Nilisogea nikauwekea kiganja. Ukutani mmejaa matumbawe yaliyogeuka mwamba: mistari iliyojikunja, vitundu vidogo vilivyopangana, kombe lililokwama na kubaki hapo tangu enzi ambazo bahari ilikuwa juu na sehemu hii ya pwani ilikuwa chini ya maji, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kutoka juu ya ukuta mizizi ya mkuyu imeteremka, imepapasa nyufa, imefika chini na kunenepa. Hapo ndipo nilipotambua vizuri mahali tuliposimama. Msitu wote huu umo ndani ya shimo.

Na shimo lenyewe lilichimbwa na watu. Kampuni ya Bamburi Portland Cement iliasisiwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na saruji ikaanza kutoka mwaka 1954. Jiwe la matumbawe ndilo lililoleta kiwanda hapa. Udongo kiduchu wa juu ulikwanguliwa pamoja na vichaka vyake, mwamba ukavunjwa, ukasagwa, ukachomwa, na mitambo ikaendelea kusonga mbele mwaka baada ya mwaka. Ilichimba hadi ikakaribia maji ya chini ya ardhi, ambayo kwa kuwa bahari iko karibu yana chumvichumvi. Kilichobaki nyuma yake kilikuwa uwanda wa jiwe tupu, mweupe, usio na hata unyasi. Jua la mchana liligonga jiwe likarudi juu, na joto humo likafika nyuzi 40. Mvua ikinyesha, maji hayakuwa na udongo wa kuyashika.

Mwaka 1971 kampuni ilimkabidhi kazi ya kulirudishia uhai shimo hilo René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mfanyakazi wake. Alijaribu aina 26 za miti katika vishimo vilivyotobolewa kwenye mwamba. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mti wa damas unaotoka upande wa Somalia, na mvinje. Aina nyingine zote zilikufa.

Mvinje ulishinda kwa sababu zinazoeleweka. Hauogopi chumvi, wala hauogopi chokaa. Kwenye mizizi yake huishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti, kwa hiyo unaweza kuanza maisha mahali ambapo udongo haujawahi kuwepo. Ukipata mshiko hukua kwa kasi, na miaka michache tu baada ya kupandwa uwanda ule ulikuwa na kivuli.

Hata hivyo kivuli peke yake si msitu. Mivinje iliangusha vijiti vyake chini, vikarundikana, na havikuoza. Vina tanini nyingi, ile dawa chungu inayotumika kutengenezea ngozi za wanyama, na bakteria wa kawaida hawakuviweza. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna udongo ambamo mbegu nyingine ingeota. Ndipo Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akila vijiti vile vya mvinje. Akaagiza majongoo wakusanywe, wakaletwa kwa mamia, wakaachiliwa chini ya miti. Walikula, wakatoa kinyesi, na kinyesi hicho bakteria waliweza kukifanyia kazi. Udongo ukaanza kujitengeneza papo hapo juu ya jiwe.

Habari hii nilikuwa nimeisoma zamani, na nilitaka kuwaona wenyewe. Haikuwa kazi ngumu. Nilichutama kando ya njia, nikafunua vijiti vya juu kwa ukuti, na hapo alikuwapo mmoja, mnene, mweusi wa kung'aa, na chini ya tumbo lake miguu mingi myekundu ikitembea kwa zamu, wimbi moja likifuata jingine kutoka nyuma kwenda mbele. Alikifikia kijiti cha mvinje kilichokauka, akakipapasa kwa vipembe vyake, kisha akakianza kwenye ncha. Kilikuwa kikipungua taratibu, pingili kwa pingili. Nyuma yake palikuwa na vipunje vyeusi, vidogo kuliko mbegu za mchicha. Nilichukua kimoja nikakisaga kwa vidole: kililainika, kikaacha doa la udongo. Nilikaa hapo muda mrefu. Mama mdogo, ambaye alitulea kwa kututisha na majongoo, alisimama umbali wa kutosha, lakini hakuniambia niondoke.

Hatua chache mbele palikuwa na mvinje ulioangushwa na upepo, na mwanguko wake ulikuwa umeng'oa mizizi pamoja na ardhi yote iliyoishika. Ukisimama mbele yake unaona sakafu ya msitu kwa ubavu. Juu kuna vijiti vikavu. Chini yake kuna tabaka jeusi, lenye unyevu, lenye harufu ya mvua, unene wake kama upana wa kiganja. Na chini ya hapo, ghafla, jiwe jeupe. Hicho kiganja kimoja cha udongo ndicho kinachobeba kila kitu: mikuyu, mizambarau, mikwaju, mitambaazi, na vichaka ambavyo sikuvijua majina. Mingine ilipandwa na watu, mingine ililetwa na ndege na popo waliokula matunda kwingine wakaja kudondosha mbegu hapa. Mvinje wenyewe hauishi muda mrefu sana. Unazeeka, unaanguka, unaacha pengo la mwanga, na miti ya asili inachukua nafasi. Ulipandwa uwe mlezi, na kazi hiyo inaendelea hadi leo mbele ya macho ya yeyote anayepita.

Mzee mmoja alikuwa akifagia matawi yaliyoziba njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dada, salama?"

"Salama, kaka," mama mdogo alijibu. "Sukari hatujambo."

Nilimuuliza kama alipajua hapa kabla ya miti. Alicheka, akaegemea ufagio. Babake, alisema, alikuwa kibarua machimboni. Alikuwa akirudi nyumbani jioni akiwa mweupe tangu kope hadi kucha, na mkewe alimmwagia maji uani kabla ya kumruhusu kugusa watoto. "Chakula cha mchana wakilia chini ya lori," mzee alituambia. "Kivuli kingine hakikuwapo, kutoka hapa hadi mwisho wa macho yako." Akanyoosha mkono kuelekea mitini. Nilifuata mkono wake nikajaribu kuona uwanda mtupu, nikashindwa. Mbele yangu kulikuwa na kijani tu, na kima wawili waliokuwa wakigombea kitu tawini.

Neno la mzee yule limekaa nami kuliko habari nyingine zote. Kisa cha Bamburi husimuliwa mara nyingi kama kazi ya mtu mmoja. Haller alistahili sifa zake, na mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira lenye makao Nairobi, ulimweka katika orodha ya heshima ya Global 500. Lakini mikono iliyotoboa mwamba ule, ikabeba miche, ikamwagilia maji kwenye joto lisilo na kivuli, ilikuwa ya vibarua wa Kisauni na vijiji vya jirani. Baadhi yao ndio waliokuwa wamelichimba shimo lenyewe. Watoto na wajukuu wao wako Mtopanga, Kiembeni na Utange. Ningependa waambiwe wazi, shuleni na nyumbani, kwamba msitu huu ni kazi ya wazee wao.

Upande mwingine wa machimbo hayo ndiko kuliko na Haller Park, ambayo wengi wameisikia. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984 kwa jina la Bamburi Nature Trail, na mwaka 1999 ikapewa jina la mwanzilishi wake. Huko kuna twiga, mamba, viboko na madimbwi ya samaki, na wanafunzi hupelekwa kwa mabasi. Ndiko alikoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamkimbilia kobe mkubwa mkongwe aitwaye Mzee na kung'ang'ana naye kana kwamba ndiye mamake. Dunia nzima ilisimuliwa habari hiyo. Ni mahali pazuri kwa watoto. Mimi lakini nazipenda zaidi njia za miti, ambako hakuna kinachoonyeshwa kwa saa maalumu. Unakwenda kwa mwendo wako, na ukibahatika utamwona mdiria ameganda juu ya kijiti, akilitazama ziwa.

Tulifika ziwani jua likiwa limeshapanda. Maji ni ya kijani kizito, tulivu, yamezungukwa na matete. Haya ndiyo yaleyale maji ya chini ya ardhi ambayo wachimbaji waliyakaribia. Mahali shimo lilipozidi kina yalijitokeza yakabaki. Yangeyange walikuwa wamejipanga upande wa pili. Mama mdogo aliketi, akatoa chupa ya maji na tende mbili, akanipa moja. Aliniambia kuwa tangu aanze kuja hapa sukari yake imetulia, naye analala usiku. Daktari wake atajua ni kwa sababu ya dawa au ya miguu. Ninachoweza kukieleza ni nilichokiona: mwanamke wa makamo, mjane, mwenye magoti mabovu, ametembea asubuhi nzima mjini Mombasa bila mtu kumpigia honi.

Wapo waliowahi kufanya kazi ya namna hii kwingineko. Karibu na mji wa Victoria, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, Jennie Butchart aliligeuza bustani shimo la mawe ya chokaa lililoachwa na kiwanda cha saruji cha mumewe, na hadi leo watu humiminika kuiona. Paris ina bustani ya Buttes-Chaumont, iliyofunguliwa mwaka 1867 juu ya machimbo ya zamani ya jasi. Tofauti na Bamburi ni hii: bibi Butchart aliletewa udongo kutoka mashambani kwa mikokoteni ya farasi. Sisi udongo tuliutengeneza palepale, kwa mti wa pwani na mdudu wa pwani. Mbinu ya namna hiyo shamba lolote maskini laweza kuiga.

Pwani yetu pia inao utamaduni wake wa kutunza miti, mkongwe kuliko kiwanda chochote. Wamijikenda wamezihifadhi kaya zao kwa vizazi, kwa miiko ya wazee: mti haukatwi, njia hazipotoshwi, mtu haingii ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya hizo katika orodha ya urithi wa dunia. Kaya ni msitu uliokatazwa kuharibiwa. Msitu wa Bamburi uliharibiwa kwanza, mpaka kwenye mfupa, ndipo ukarudishwa. Si vitu sawa. Ndege na vichaka vinaweza kurudi, ila kile kilichokuwapo juu ya mwamba kabla ya 1951 hakitarudi kilivyokuwa, na nisingependa mtu yeyote aitumie Bamburi kama kisingizio cha kukata kaya. Lakini palipokwisha kuchimbwa, panapowaka jua juu ya jiwe, hapo Bamburi inatoa jibu.

Na mashimo tunayo. Nyumba zetu nyingi, za Likoni na za Kisauni, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa misumeno katika matimbo ya bara. Ukiondoka mjini, kusini au kaskazini, utayaona yamezagaa: kuta nyeupe, sakafu nyeupe, vumbi jeupe kwenye mikorosho ya jirani. Mchimbaji akimaliza huhama. Masika yakija shimo linajaa maji, watoto wanakwenda kuogelea, na kuna akina mama ambao wamewazika watoto wao kwa sababu ya maji hayo. Kwingine shimo hugeuzwa jaa. Changamwe tulikuwa na jaa la Kibarani kando ya maji, na kwa miaka kila aliyeingia kisiwani kwa upande huo alizibwa pua na moshi wake. Lilipofungwa na eneo lake likaanza kupandwa miti na nyasi, ndipo wengi walipokumbuka kuwa pale pana mandhari ya bahari. Kibarani na Bamburi zinasema jambo lilelile kwa njia mbili: ardhi iliyotupwa inaweza kurudishwa kwa watu, mradi mtu apewe jukumu hilo na asimamiwe hadi mwisho.

Wala si suala la hisani. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kumwamuru mtu aliyeharibu mazingira ayarejeshe katika hali yake, kadiri inavyowezekana. Uwezo huo upo kwenye karatasi. Bamburi aliyechimba ndiye aliyepanda, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mchimbaji mkubwa na mdogo. Mchimbaji mdogo hana mtaalamu wa Uswisi, ni kweli. Lakini leo hahitaji kujaribu miti 26. Jibu limeshapatikana, tena karibu miaka 55 iliyopita, kwenye barabara anayopita na lori lake: mivinje kwanza, majongoo baadaye, kisha miti mingine.

Kiwanda chenyewe kimebadilisha mikono. Tangu Desemba 2024 mwenye hisa mkubwa ni kampuni ya Amsons ya Tanzania. Nawaomba wamiliki hao wapya, kama mtu wa pwani anavyomwomba mtu wa pwani mwenzake, wautazame msitu huu kama sehemu ya walichonunua, waendelee kuufungua kwa wenyeji, na kiingilio chake kisimshinde mwanamke wa Utange aliyeagizwa na daktari atembee. Serikali ya kaunti nayo isiridhike kwamba kampuni imelifanya jukumu hili. Watu wa Likoni hawana njia ya namna hii. Watu wa Changamwe wanaishi kati ya makontena, matangi ya mafuta na malori. Haifai mkazi wa Magongo apande matatu mbili kwenda kupumua Kisauni.

Wewe unayesoma, kama uko bara yoyote ya Mombasa, nenda Bamburi asubuhi kabla jua halijawa kali. Chukua maji, vaa viatu vilivyofungwa, na takataka zako urudi nazo. Nenda na mzazi wako anayeambiwa atembee. Na siku itakapoitishwa baraza la maoni ya umma kuhusu leseni ya kuchimba mawe katika wadi yako, hudhuria, simama, na umuulize mchimbaji atapanda nini, ataanza lini, na fedha za kazi hiyo ameziweka wapi.